Mwongozo wa Vendeli, Toleo la Kumi na Nne

Iko nchi moja ambayo jina lake halitajwi hapa, si kwa woga, ni kwa adabu tu. Ilikuwa na milima miwili, ziwa moja, kiwanda cha viberiti kilichozinduliwa upya kila mwaka, na Wizara ya Safari. Jengo la Wizara ya Safari lilikuwa refu kuliko hospitali na shule zote za mji zikipangwa moja juu ya nyingine, na lifti yake ilijua kupanda tu. Wa kushuka alishuka kwa ngazi. Waziri alikwisha kulieleza jambo hilo bungeni, kwamba nchi inayokwenda juu haina haja ya kitufe cha kushukia, na wabunge walipiga meza mpaka maji yakamwagika.

Kazi kubwa ya Wizara ilikuwa kupeleka wajumbe Vendeli, mji mkuu wa nchi fulani huko Ulaya, wakahudhurie Mkutano wa Kimataifa wa Kupunguza Mikutano. Zamani mkutano huo ulifanyika mara moja kwa mwaka. Lakini wajumbe wakaafikiana kwa kauli moja kwamba kupunguza mikutano si jambo la kukurupukia, kwa hiyo sasa ulifanyika mara nne.

Ghorofa ya tatu, mwisho wa korido, jirani na choo kilichofungwa kwa ukarabati tangu serikali iliyopita, ilikuwapo Idara ya Mwongozo. Idara yenyewe ilikuwa meza mbili, kabati la chuma, mkurugenzi mmoja na Sikudhani.

Sikudhani alikuwa na miaka ishirini na saba, mwandiko mzuri, na cheti cha kidato cha nne alichokipata kwa masomo ya jioni, akisoma huku tumbo limemtangulia darasani. Tumbo lile sasa lilikuwa binti wa miaka minne kasoro kidogo, jina lake Tunu, aliyeshinda kwa jirani akingoja mama atoke kazini. Na kazi ya mama ilikuwa kuandika kitabu kiitwacho *Mwongozo wa Mgeni wa Mara ya Kwanza Mjini Vendeli: Vivutio na Vyakula*.

Sheria ilikuwa wazi. Hakuna mjumbe aliyeruhusiwa kukanyaga Vendeli mara ya kwanza bila kuhudhuria semina ya Jumatano na kukabidhiwa nakala yake ya Mwongozo. Akirudi, aliandika ripoti kuonyesha kwamba ametekeleza. Ripoti iliyopishana na Mwongozo ilihesabiwa kuwa safari haikufanyika, na mwenye safari isiyofanyika alirudisha posho. Ndiyo maana wajumbe wa nchi ile, wakubwa kwa wadogo, walikuwa wakiona Vendeli kwa macho mamoja na kuionja kwa ulimi mmoja.

Sikudhani mwenyewe hakuwahi kufika Vendeli. Hata ndege alikuwa akiiona tumbo tu, ikipita juu ya kamba ya nguo. Hilo halikuhesabiwa kuwa kasoro. Bwana Makubazi, mkurugenzi wake, mtu mwenye shingo nene na kalamu nne mfukoni, alilitolea ufafanuzi katika kikao: "Aliyefika ana upendeleo."

*

Mwongozo ulisema hivi, kwa mfano:

"Mgeni akishuka Vendeli asiogope ukimya. Wenyeji hawajagombana, ndivyo walivyo. Kwenye treni za mjini akate tiketi hata kama hakuna anayeitazama, na asimsalimie aliyekaa naye, kwani huyo atadhani anaombwa kitu.

"Aende uwanja wa kati akatazame Mnara wa Saa. Ikifika saa sita mchana hutoka mtu wa chuma, hugonga kengele, hurudi ndani. Mgeni asimsubiri kumpa mkono.

"Barabara ivukwe taa ikiwa ya kijani. Wenyeji husimama kuingoja taa hata kama hakuna gari wala askari. Sababu haijulikani.

"Mkate wa huko ni mweusi na mgumu. Haukuungua, asiurudishe. Supu yao ni nyekundu kwa sababu ya mboga ya mzizi, isiwatie hofu wenye roho nyepesi. Jibini ile inayonuka ndiyo ya heshima."

Kabla ya kuchapwa, kila toleo lilipita kwenye kamati saba. Kamati ya Usalama iliikata sentensi isemayo kwamba maji ya bomba ya Vendeli hunywewa, ikaiita uchochezi. Kamati ya Itifaki iliikata kwa mkasi ncha ya kanisa kuu kwenye picha, kwa kuwa ukilinganisha kwa rula ilikuwa inaizidi Ikulu. Kamati ya Maadili iliuliza sanamu ya yule jenerali aliye juu ya farasi ananyoosha kidole kuelekea wapi. Sikudhani akajibu kwamba hajui. Ikaandikwa: "Ananyoosha kidole mbele."

Wajumbe wenyewe, wakifika Vendeli, walikuwa wakifungia milango ya vyumba vya hoteli, wakafungua masanduku yenye unga, dagaa na ndimu, wakasonga ugali kwenye birika la umeme, wakala, wakalala. Asubuhi walisaini mahudhurio. Mchana walishuka duka la jirani kununua mapazia. Mapazia ya Vendeli yalikuwa ndiyo heshima ya nyumba. Mke wa mjumbe aliyekaa bila pazia la Vendeli alitazamwa kama mjane. Kabla ya kufunga masanduku walifungua Mwongozo wakanakili ripoti.

Sikudhani aliyajua hayo yote kwa pua. Ripoti zilizosifu supu nyekundu na jibini ya heshima zilikuwa zinanuka dagaa.

*

Sasa mtu atauliza: kama hajafika, yale ya mnara na taa na mkate aliyatoa wapi?

Aliyatoa kwa mumewe.

Mumewe aliitwa Hatibu, mtu mrefu, mpole, mwenye kovu la pasi ya mkaa juu ya mkono wa kulia, na kazi yake ilikuwa kumshikia Waziri mwavuli. Miaka minne nyuma alikwenda Vendeli na msafara, kwa kuwa Waziri aliambiwa huko kuna mvua. Siku ya kurudi, mapazia ya Waziri yalizidi uzito. Wenye ndege wakasema mzigo huu haupandi, labda upate kiti. Waziri akatazama viti, akamtazama Hatibu, akasema kwa upole wa baba, "Wewe utafuata kesho, kijana wangu." Mapazia yakafungwa mkanda. Pasipoti ya Hatibu, ambayo ilikuwa kwenye mkoba wa msafara pamoja na nyingine, ilirudi salama.

Kwenye kumbukumbu za Wizara aliandikwa: Mzigo Unaofuata.

Wiki tatu baadaye Sikudhani alijifungua. Alipopata nguvu alipanda kwa lifti hadi ghorofa ya nne kuuliza. Karani akamwonyesha pasipoti ndani ya kabati la kioo, safi, haina hata kunjo.

"Basi mpelekeeni," Sikudhani alisema.

"Pasipoti hukabidhiwa mwenyewe, dada. Aje hapa na kitambulisho."

"Kitambulisho chake ndiyo hiyo."

"Ndiyo," karani alisema, akifurahi kuona wameelewana. "Mzigo unafuata. Saini hapa kwamba hutasimulia mambo ya usafirishaji wa serikali kwa mtu yeyote."

Akasaini. Akawa anakwenda kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi. Miezi ile ya mwanzo alikuwa akilia kwenye ngazi, mtoto mgongoni naye akimsaidia. Baadaye alikuwa akisema "Haya, asante," anashuka. Pale palipokuwa pakiuma palikufa ganzi kama mguu uliokaliwa. Wizara ikamwonea huruma, ikamwajiri.

Kadi sita za posta zilifika kutoka kwa Hatibu. Ndizo zilizokuwa na mtu wa chuma, na taa, na mkate. Kadi ya sita ilisema: "Niko kituo kikuu cha treni, mlango wa kaskazini, namsaidia babu mmoja kuchoma kokwa fulani. Ni kama korosho ila ni tamu zaidi. Baridi inauma lakini mikono iko karibu na moto. Andika basi, nani kazaliwa?"

Akaandika. Lakini mwezi uleule Posta iliboreshwa. Kuanzia hapo, mwenye kupokea barua ya nje alitakiwa alete barua kutoka kwa mtumaji inayothibitisha kwamba ametuma barua. Na mwenye kutuma alitakiwa alete barua ya mpokeaji akikubali kupokea. Malalamiko yaliruhusiwa, kwa njia ya posta.

*

Nyumbani kwao, kabla mambo hayajawa haya, salamu ilikuwa moja. Aliyetangulia kufika alimuuliza anayeingia: "Umekula?" Na jibu lilikuwa moja, hata kama mtu ametoka kwenye pilau ya harusi na mkanda ameulegeza: "Bado." Maana yake ni kwamba meza yangu ni hii. Basi wanakaa wanakula.

Alipopewa kuandika Toleo la Kumi na Tatu, Sikudhani aliongeza mwishoni mwa sura ya vyakula, ukurasa wa thelathini na moja:

"Mgeni asikose kufika kituo kikuu cha treni, mlango wa kaskazini, ambako mtu mrefu mwenye kovu la pasi mkononi huchoma kokwa tamu kuliko korosho. Azile. Amuulize: Umekula? Naye atajibu."

Kamati saba zikapita juu yake. "Hili kovu la nini?" Kamati ya Utalii iliuliza.

"Ili mgeni asipotee, Mheshimiwa."

"Kumbe! Wenzetu wanafikiria mbali." Ikapita.

Miaka miwili ikaenda. Safari nane, ripoti mia mbili na kumi na mbili. Sikudhani alizisoma zote, moja moja, kidole kikitembea chini ya mstari mpaka kifike mwisho wa sura ya vyakula. "Nilifika mlango wa kaskazini. Nilimkuta mtu mrefu mwenye kovu la pasi mkononi. Nilikula kokwa, ni tamu kuliko korosho. Nilimuuliza: Umekula? Naye alijibu."

Naye alijibu. Mara mia mbili na kumi na mbili. Waziri mwenyewe, aliyempa Hatibu mwavuli wake kwa miaka sita, aliandika kwamba alimkuta mtu mrefu, hakumfahamu, naye alijibu.

Siku moja Sikudhani hakuweza kuvumilia. Bwana Makubazi alikuwa amerudi juzi, na shingo yake inanukia uturi wa ndani ya ndege.

"Samahani, Mheshimiwa Mkurugenzi. Yule mtu wa mlango wa kaskazini."

"Mtu gani?"

"Uliyemuuliza kama amekula."

"Aah, yule! Ndiyo, ndiyo. Tulizungumza."

"Alijibu nini?"

Bwana Makubazi alitazama dari, mahali ambapo majibu mengi ya Wizara ile yalikuwa yanahifadhiwa.

"Alijibu vizuri sana."

"Vipi, Mheshimiwa?"

"Kwa kina, Bi. Sikudhani. Kwa kina na kwa mapana."

"Haya, asante," Sikudhani akasema, akarudi kwenye meza yake kuchonga penseli.

*

Mwaka huo waandaaji wa Mkutano waliandika kwamba kila nchi ilete, miongoni mwa wajumbe wake, mwananchi mmoja wa kawaida. Wizara ilishtuka. Lilitolewa tangazo, wakajitokeza wananchi wa kawaida kumi na tisa, wote wakurugenzi. Mwishowe, kwa kuwa muda ulikuwa umekwisha na fomu ilitaka alama ya dole gumba, wakamchukua Bi. Mashavu, mpika chai wa ghorofa ya tatu.

Bi. Mashavu alikuwa mama wa makamo, mzito wa mwendo, mwepesi wa maneno, asiyejua kusoma. Semina za Jumatano alikuwa akizisikia kila wiki akimimina chai, kwa hiyo Mwongozo alikuwa nao kichwani. Tatizo lake lilikuwa moja tu, nalo halikugunduliwa mapema: alidhani ni maagizo.

Aliporudi aliingia Idarani na birika la chai mkono mmoja na mfuko wa plastiki mkono wa pili, akafunga mlango kwa kisigino.

"Shikamoo, Bi. Mashavu. Karibu nyumbani."

"Marahaba, mwanangu. Niandikie ripoti yangu, mimi mkono wangu unajua vikombe tu. Lakini Ulaya kuna kazi! Wenzangu wamelala hotelini wanakoroma, mimi ndiye ninayehangaika na kitabu. Nikasema hawa labda walikwisha tekeleza safari zilizopita."

Sikudhani akachukua fomu, akachovya kalamu. "Mnara wa Saa?"

"Nimeuona. Yule mtu wa chuma katoka, sikumpa mkono. Barabarani nimesimama na taa yao mpaka miguu ikaota mizizi, gari hakuna, na mimi nimesimama, wananitazama kama nimezaliwa huko. Mkate mweusi nimeula, wewe unauma na wenyewe unauma. Ile jibini nimeimeza kwa ajili ya taifa. Andika hivyo, kwa ajili ya taifa."

"Na kituo cha treni?"

Kalamu haikutikisika. Mara mia mbili na kumi na mbili inaufundisha mkono.

"Hapo sasa! Hapo kitabu chenu kimenihangaisha. Nikawa naonyesha watu picha ya treni kwenye jalada, wananyoosha vidole, nafika mlango wa kaskazini, mabati matupu! Wanachimba. Mtu mwenyewe kahamia mlango wa mashariki. Babu wake wa kokwa kafa, kamwachia jiko."

"Uli..." Sikudhani akaanza upya. "Ulimkuta?"

"Nisimkute vipi, na nimeagizwa? Mrefu, kovu hili hapa. Nikamsimamia mbele, nikamuuliza kama mlivyoandika: Umekula? Mwanangu, yule mtu aliangusha koleo. Akasimama. Halafu akasema, 'Bado.'"

Kwa mbali lifti ilisikika ikipanda na mtu.

"Alisemaje?"

"'Bado.' Nami nikamwambia, bado nini na wewe unatafuna? Maana mdomo umejaa kokwa, shavu limetuna hivi! Anatafuna, machozi yanamtoka, ananiambia bado." Bi. Mashavu alitikisa kichwa. "Baridi ile inaharibu watu."

Sikudhani aliweka kalamu chini. Vidole vilikuwa vinamchoma, kama mguu unapoanza kuamka.

"Halafu akauliza, 'Nani kauliza?' Nikasema mimi. Akasema, 'Siyo wewe, mama, wewe umetumwa. Aliyeandika.' Nikamwambia kuna binti pale Wizarani. Akasema, 'Mwambie huyo binti anijibu: nani kazaliwa?' Sasa hilo sikulijibu. Kitabu hakikusema. Unalijua wewe?"

"Nalijua."

"Basi vizuri. Tena kuna jingine, hili usiliandike kwanza nikusimulie." Akafungua mfuko, akatoa kijifuko cha karatasi kama cha karanga, akakiweka mezani. "Zawadi. Kanipa bure."

Zilikuwa kokwa za kahawia, zimepasuka kwa moto. Lakini Sikudhani hakutazama kokwa. Alitazama karatasi. Mwandiko wa chapa aliufahamu, na mstari aliufahamu: *Ananyoosha kidole mbele.*

"Ni vitabu vyenu," Bi. Mashavu alinong'ona. "Wajumbe wakifunga safari wanavitupa, si wanataka nafasi ya mapazia? Pipa la nyuma ya hoteli limejaa. Yeye anaviokota, safari zote hizi, anafungia kokwa. Wazungu wanakula wanatupa. Ila ukurasa mmoja hafungii kitu. Kaubandika kwenye kibanda, juu ya jiko. Mmoja wa kila kitabu, amezipanga kama vyeti. Nikamuuliza mbona hivi, akasema hizo ni barua zake."

Yaani miaka miwili Hatibu alikuwa amesoma swali lile juu ya jiko, akingoja mtu mmoja, katika taifa zima, aje aulize.

*

Mlango ukafunguliwa bila hodi. Bwana Makubazi.

Hapa inafaa kukumbuka jambo la kalenda. Mwaka mmoja kalenda ya serikali ilikutwa sokoni imefungia maandazi, upande wenye picha. Kalenda zote za nchi zikakusanywa, zikafungiwa ghalani chini ya ulinzi, na taifa likakaa miezi mitatu bila tarehe. Watu walioana siku wasiyoijua mpaka leo. Ikijulikana kwamba Mwongozo, mali ya serikali, unafungia kokwa mlangoni mwa kituo cha treni, Mwongozo nao utaingia ghalani, na Hatibu atabaki na jiko.

Sikudhani alimwaga kokwa kwenye sahani ya kikombe, karatasi akaikalia.

"Nasikia mwananchi wetu wa kawaida alipotea siku nzima," Bwana Makubazi alisema. "Bi. Mashavu, ulizurura?"

"Nilitekeleza, Mheshimiwa."

"Ulitekeleza nini peke yako? Utekelezaji ni wa pamoja. Iko wapi ripoti?" Huku anasema, mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye sahani, maana mkono wa mkurugenzi hauombi ruhusa. Akatafuna. Akachukua nyingine. "Mmh. Nini hizi?"

"Korosho, Mheshimiwa," Sikudhani alisema.

"Korosho gani tamu hivi? Za wapi?"

"Za hapa mjini."

"Sijawahi kuonja kitu kama hiki maishani mwangu," alisema Bwana Makubazi, aliyekwisha kuripoti kuzila mara sita. "Ripoti naipata saa ngapi?"

"Namalizia, Mheshimiwa. Dakika mbili."

Alisimama palepale akimaliza sahani. Bi. Mashavu alimtazama Sikudhani, Sikudhani akatazama fomu. Ripoti ya kweli pekee katika historia ya Idara ilikuwa mbele yake na wino ungali mbichi. Aliichana polepole, akasema imeingia doa, akachukua fomu nyingine.

"Bi. Mashavu," alisema, "niandike ninavyojua?"

Yule mama alitazama namna binti alivyokalia ile karatasi, magoti yamebanana, macho yamejaa na uso haukusogea. Alikuwa amezaa watoto watano. Hakuhitaji kusomewa.

"Andika unavyojua, mwanangu. Mimi nitaweka dole."

Sikudhani akaandika: *Nilifika mlango wa kaskazini. Nilimkuta mtu mrefu mwenye kovu la pasi mkononi. Nilikula kokwa, ni tamu kuliko korosho. Nilimuuliza: Umekula? Naye alijibu.*

Bwana Makubazi aliisoma akilamba vidole. Uso wake ukafunguka.

"Sawasawa na yangu!"

"Neno kwa neno, Mheshimiwa."

"Basi kweli alifika," alisema, akaigonga mhuri.

*

Toleo la Kumi na Nne lilipelekwa kwenye kamati mwezi uliofuata. Mnara ulikuwapo, mkate ulikuwapo. Ukurasa wa thelathini na moja ulisomeka hivi:

"Mgeni afike mlango wa mashariki, kwani kaskazini wanachimba. Mchoma kokwa atamuuliza: Nani kazaliwa? Mgeni ajibu: Msichana. Anaitwa Tunu. Ana miaka minne kasoro wiki sita. Meno yote yametoka. Anapenda kaukau za viazi na hapendi kuchanwa nywele. Amekuchukua miguu. Kila mwaka huongezeka sentimita saba. Na sisi huku bado."

Mwenyekiti wa kamati ya mwisho alivua miwani, akavaa, akavua.

"Bi. Sikudhani. Huyu Tunu ni nani?"

"Ni mtoto wa mfano, Mheshimiwa Mwenyekiti."

"Mfano wa nini?"

"Wa ukuaji."

Wajumbe wa kamati wakatazamana. Neno hilo lilikuwa likitafutwa kwa udi na uvumba tangu bajeti iliyopita.

"Sentimita saba kila mwaka," mmoja alisema kwa sauti ya chini. "Bila kushuka?"

"Hajawahi kushuka, Mheshimiwa."

"Na jirani zetu wana ngapi?"

"Sina takwimu zao."

"Hawana!" Mwenyekiti alisema. "Ingekuwa wanazo wangetangaza. Lakini hili la kuchanwa nywele..."

"Ni changamoto," Sikudhani alijibu. "Kila ripoti yenye ukuaji huwa na changamoto moja."

"Na 'sisi huku bado'?"

"Unyenyekevu, Mheshimiwa."

Ikapita kwa makofi. Waziri alilisoma jedwali zima la Tunu kwenye sherehe za kuzindua kiwanda cha viberiti, akaahidi kwamba chini ya uongozi wake msichana huyo hatapungua hata sentimita moja. Karani wa ghorofa ya nne alikata habari hiyo gazetini, akaibandika kwenye kabati la kioo, pembeni ya pasipoti.

Msafara ukaondoka, wajumbe arobaini na mmoja, kila mmoja na nakala yake. Sikudhani aliwafungia mwenyewe kwa uzi. Wiki mbili baadaye wakarudi na mapazia, wakapanga foleni koridoni na ripoti zao. Zilinuka dagaa. Arobaini na mmoja wote walikuwa wamefika mlango wa mashariki, na wote walijibu: Msichana. Anaitwa Tunu. Sikudhani hakusoma hata moja. Aliuliza swali moja tu, mhuri ukiwa tayari hewani.

"Mwongozo wako uko wapi, Mheshimiwa?"

"Aisee, dada, nimeusahau hotelini. Masanduku yalijaa."

"Ametekeleza." Paa.

"Wako?"

"Nadhani nimeuacha kwenye pipa... mezani, mezani karibu na pipa."

"Ametekeleza." Paa.

Walikwenda hivyo arobaini. Wa mwisho alikuwa Bwana Tungaraza, mkaguzi wa mizani, mtu mzima wa miaka hamsini na tano, mnyoofu, aliyesafiri kwa mara ya kwanza. Aliweka ripoti mezani, na juu yake akaweka Mwongozo, umefungwa uzi uleule, haujafunguliwa hata fundo.

"Nimeutunza, dada," alisema kwa fahari. "Mali ya serikali. Wenzangu wanatupa ovyo, mimi nimesema huu unarudi nyumbani kama ulivyotoka."

Sikudhani aliutazama. Akaweka mhuri pembeni, akachukua kalamu ya wino mwekundu.

"Arudie safari," aliandika.

"Nimekosea wapi, dada yangu?"

"Hujakosea, baba," Sikudhani alisema, akimrudishia kitabu kwa mikono miwili. "Safari ijayo jitahidi tu kusahau."